Anza na sufuria ya maharage: mwongozo wa kupika na kula bila nyama kila siku

Wengi wanaojaribu kuacha nyama hukwama palepale. Huiondoa nyama kwenye sahani, kisha nafasi yake wakaiacha wazi. Kinachobaki ni wanga na majani kidogo, na baada ya saa mbili tumbo linadai tena. Ndipo utawasikia wakisema chakula cha mboga hakishibishi. Sahani ya namna hiyo kweli haiwezi kumshibisha yeyote, maana ni mlo uleule wa zamani uliopunguzwa kitu chake kikuu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuijaza ile nafasi, na kinachoijaza vizuri kuliko vyote ni vyakula vya jamii ya kunde: maharage, adesi, dengu, choroko, njegere, soya na ndugu zao. Vina protini, vina madini ya chuma, vina nyuzi zinazolituliza tumbo kwa saa nyingi, na vikiwa vikavu hukaa kabatini miezi mingi bila kuharibika. Anayejua kupika maharage yakaiva barabara na yakawa matamu ameshamaliza sehemu kubwa ya kazi. Habari za tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa yakawa kama jibini), maziwa ya mimea na keki zisizo na mayai atajifunza polepole, huku tayari anakula vizuri.

Mwongozo huu ni wa makundi mawili: wanaoacha nyama na samaki lakini wanaendelea na maziwa na mayai, na wavegani, ambao huacha kila kinachotoka kwa mnyama. Mahali pengi ushauri ni mmoja. Pale unapotofautiana nitasema.

Hatua ya 1: Andika unachokijua tayari

Kabla ya kununua chochote, chukua karatasi uorodheshe milo yote unayoweza kuipika bila kutazama mapishi. Weka alama kwenye ile ambayo haina nyama hata sasa. Kisha tafuta ile ambayo nyama inaweza kupisha kunde au uyoga bila kugusa kitu kingine: supu nzito, tambi zenye mchuzi wa nyanya, wali na mchuzi wa viungo, mboga za kukaanga. Ukipata milo mitano au sita, wiki imekwisha kupangika. Ladha unazijua, mikono imeshazoea, na hakuna mtu nyumbani atakayehisi amehamishiwa jiko la wageni.

Nashauri sana kuanza hivi badala ya kukimbilia mapishi yenye viungo ishirini usivyowahi kuvisikia. Mapishi ya namna hiyo hupikwa mara moja, halafu makopo yanabaki yanakusanya vumbi.

Hatua ya 2: Pika kunde mpaka ziive kweli

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapokosea na kudhani hawapendi maharage, kumbe hawajawahi kula yaliyoiva.

Kuchagua. Kunde kavu zinapozeeka huwa ngumu, na hakuna moto utakaozilainisha kikamilifu. Tafuta punje zenye mng'ao, zisizo na makunyanzi wala matundu, na nunua mahali ambapo bidhaa hiyo inatoka haraka. Usichanganye mabaki ya mwaka jana na mapya kwenye sufuria moja, kwani mapya yatavurugika huku ya zamani bado yanakwaruza meno. Zimwage kwenye sinia, uchambue mawe na punje zilizooza, kisha uzioshe.

Kuloweka. Adesi, choroko na kunde zilizopasuliwa hazihitaji kulowekwa. Maharage, dengu na soya vinahitaji, saa 8 hadi 12, katika maji yaliyozidi kunde mara tatu. Ongeza chumvi kwenye maji hayo, karibu gramu 15 kwa kila lita, yaani takriban kijiko kimoja cha mezani. Wapo wanaoamini kwamba chumvi hufanya maharage yawe magumu, lakini mambo ni kinyume chake. Ganda la maharage hushikiliwa na kalisi na magnesi. Sodiamu ya chumvi huchukua nafasi ya madini hayo, ganda likalegea, na punje ikaiva bila kupasuka. Asubuhi mwaga maji yale na usuuze. Kuyamwaga hupunguza pia zile sukari, kama rafinosi na stakiosi, ambazo utumbo hauwezi kuzimeng'enya na ambazo bakteria wa tumboni huzigeuza kuwa gesi. Ikiwa kwenu hali ya hewa ni ya joto, lowekea ndani ya friji ili zisichachuke.

Kuchemsha. Weka maji mapya yanayozifunika kunde kwa vidole viwili, kitunguu kilichokatwa vipande viwili, punje kadhaa za kitunguu saumu, jani kavu la bay la kutia harufu ukiwa nalo, na chumvi kidogo. Chemsha kwa nguvu kwanza, ondoa povu, halafu punguza moto mpaka maji yawe yanacheza tu. Maji yanayotokota kwa fujo muda wote hupasua punje kabla ya kiini kuiva.

Kwa maharage mekundu makubwa, yale yenye umbo la figo, kule kuchemsha kwa nguvu ni suala la usalama. Yakiwa mabichi yana sumu ya asili iitwayo fitohemaglutinini, na punje nne au tano mbichi zinaweza kumfanya mtu atapike vibaya ndani ya saa chache. Yaloweke saa zisizopungua 5, mwaga maji, kisha yachemshe kwa mtokoto kamili. Dakika 10 ndicho kiwango cha chini, na 30 ni salama zaidi. Usiyapike kuanzia mabichi katika sufuria ya umeme inayopika taratibu kwa joto dogo. Joto la nyuzi 80 hivi haliui sumu hiyo, tena linaweza kuiongeza makali. Yachemshe kwanza jikoni, ndipo uyahamishie humo. Ya kopo yameshapikwa, hayana shida.

Muda hutofautiana na umri wa kunde na maji yenyewe. Adesi nyekundu huchukua dakika 15 hadi 20 na huvurugika zikawa uji mzito. Adesi za kahawia au kijani huchukua 25 hadi 40 na hubaki na umbo lake. Choroko ni nusu saa hadi dakika 45. Maharage na dengu zilizolowekwa ni saa moja hadi mbili. Katika sufuria ya presha kunde zilizolowekwa huiva kwa dakika 10 hadi 25, kutegemea aina, ila usiijaze zaidi ya nusu, kwani povu lake huziba tundu la mvuke.

Nyanya, siki, limau na ukwaju subiri kuvitia mpaka kunde ziwe laini. Asidi huimarisha ganda, na ukiitia mapema unaweza kukesha jikoni. Maji magumu yenye chokaa nyingi hufanya hivyohivyo. Ikiwa maji yako ni ya namna hiyo, robo kijiko cha chai cha bekingi soda kwa sufuria nzima itasaidia. Usizidishe, italeta ladha ya sabuni.

Sasa kupima. Usionje punje moja. Chota tano kutoka sehemu mbalimbali za sufuria, kwa sababu haziivi kwa pamoja. Ipulize moja juu ya kijiko. Ganda likijikunja na kubanduka, umekaribia. Iweke mdomoni na uibonyeze kwa ulimi dhidi ya kaakaa, bila kutumia meno. Inatakiwa isagike ikawa laini mpaka katikati, isiache chengachenga. Zote tano zikifaulu, zima moto, na uziache zipoe ndani ya supu yake dakika kama 30. Humo hunywa chumvi na harufu ya vitunguu, na ganda halikauki. Supu yenyewe usiimwage, ni nzito na ina ladha.

Pika nyingi kwa mkupuo, kama nusu kilo ya kunde kavu. Zikipoa weka friji, zitakaa siku 3 hadi 4. Zinazobaki gawa kwenye vyombo vya mlo mmoja mmoja pamoja na supu kidogo, zigandishe. Jioni ya kuchoka, chombo kimoja cha friza ndicho kinachoamua kama utakula vizuri au utaagiza kitu chochote kilicho karibu. Kunde za kopo nazo ni chakula halali kabisa. Zisuuze tu, sehemu nzuri ya chumvi itaondoka na maji.

Kama hujazoea kula kunde, anza na nusu kikombe kwa siku, kisha uongeze wiki kwa wiki. Tumbo huzoea.

Hatua ya 3: Jenga ladha iliyokuwa inaletwa na nyama

Mtu anaposema anaitamani nyama, mara nyingi anachokitamani ni ule utamu mzito unaokaa ulimini baada ya kumeza. Mkemia wa Japani, Kikunae Ikeda, aliutambua mwaka 1908 akichunguza mchuzi wa mwani. Aligundua unatokana na glutameti, kimojawapo cha vijenzi vya protini, akauita umami. Mimea inayo kwa wingi, ukijua pa kuutafuta: nyanya zilizoiva na hasa rojo la nyanya, uyoga (uliokaushwa unaushinda mbichi), sosi ya soya, miso (rojo la soya iliyochachushwa), mwani, na chachu lishe ile ya chengachenga za manjano. Ukichanganya viwili vitatu, tuseme nyanya na uyoga mkavu, ladha hukua kuliko jumla yake.

Mazoezi ya hayo ni huu mchuzi wa adesi na uyoga wa watu wanne. Andaa adesi kavu za kahawia gramu 250, ukazichemsha zikaiva, vitunguu viwili vikubwa, punje nne za kitunguu saumu, tangawizi kipande cha kidole gumba, uyoga gramu 200, rojo la nyanya vijiko viwili vya mezani, binzari nyembamba na giligilani ya unga kijiko kimoja cha chai kila moja, manjano nusu kijiko, sosi ya soya kijiko kimoja cha mezani, mafuta vijiko vitatu, na limau nusu.

Anza na uyoga peke yake kwenye kikaango chenye moto, bila mafuta. Utatoa maji mengi na kujaa unyevu. Usiwe na haraka, acha maji yote yakauke. Yakikauka ndipo utie kijiko kimoja cha mafuta na chumvi kidogo, na hapo utaanza kusikia mlio wa kukaanga na kuona kingo zikigeuka hudhurungi. Utoe, uuweke kando. Katika mafuta yaliyobaki kaanga vitunguu kwa moto wa wastani, dakika 12 hadi 15 kamili. Wengi huviacha vikiwa vyeupe na vilaini, na hapo ndipo mchuzi wa mboga unapopoteza nusu ya nguvu zake. Subiri vipate rangi ya dhahabu iliyokolea, na vikianza kushika chini nyunyiza maji kijiko kimoja ukwangue. Tia kitunguu saumu, tangawizi na viungo vya unga, koroga nusu dakika tu mpaka harufu ipande, kisha rojo la nyanya. Hili nalo likaange, usilimwagie maji papo hapo. Litageuka kutoka wekundu mkali kuwa wekundu wa matofali, na mafuta yatajitenga pembeni. Sasa tia adesi na supu yake, uyoga, na sosi ya soya, vichemke pamoja dakika 10. Ponda adesi kiasi kwa mgongo wa mwiko ili mchuzi uwe mzito.

Zima moto, kamulia limau, koroga, onja. Ladha itaamka hapohapo. Chakula cha kunde kikionekana kimepooza, kabla ya kuongeza chumvi jaribu asidi kwanza, mara nyingi ndiyo inayokosekana. Kila sahani ya mchuzi huu ina protini ya gramu 15 hivi kutokana na adesi peke yake.

Usiogope mafuta. Nyama ilikuja na mafuta yake ndani, mboga nyingi hazina. Kijiko cha mafuta, tui la nazi au ufuta uliosagwa ndicho kinachobeba harufu ya viungo na kukufanya uhisi umekula.

Hatua ya 4: Ijue tofu, kisha endelea

Tofu yenyewe ni pooza, na hiyo ndiyo faida yake. Nunua ngumu, ikate vipande, ichemshe dakika chache katika maji yenye chumvi, halafu uikaushe vizuri kwa kitambaa. Ipake wanga wa mahindi na chumvi, uikaange mpaka iwe na ganda, na sosi yenye ladha itie mwishoni kabisa. Ukitaka iwe na nyuzinyuzi zinazotafunika, igandishe usiku mzima, iyeyushe, uikamue kama sifongo. Hiyo inatosha kwa miezi ya mwanzo.

Hatua ya 5: Kwa wavegani, maziwa na mayai

Kwa maziwa, ya soya ndiyo yenye protini inayokaribia ya ng'ombe, gramu 7 hivi kwa glasi. Ya lozi na ya mchele yana kidogo sana, kwa hiyo usiyahesabu kama chakula cha kujenga mwili, hasa kwa mtoto. Chagua yaliyoongezwa kalisi na vitamini, na tikisa pakiti kila mara, kalisi hutuama chini. Mapishi yakidai maziwa ya mgando, tia kijiko kimoja cha siki au limau katika kikombe cha maziwa ya soya na usubiri dakika 5, yataganda kiasi.

Kwa yai katika keki au chapati za maji, changanya kijiko kimoja cha mezani cha mbegu za kitani zilizosagwa na vijiko vitatu vya maji, uache dakika 10 mpaka iwe ute. Ule ute wa kopo la dengu nao, vijiko vitatu kwa yai moja, unashika mchanganyiko. Tena ukiupiga kwa mashine dakika kadhaa pamoja na sukari huumuka ukawa povu jeupe kama la ute wa yai. Mfaransa Joël Roessel ndiye aliyeonyesha hilo mwaka 2014. Mbinu hizi zinafaa kwa mapishi yenye yai moja au mawili. Keki iliyojengwa juu ya mayai sita usijaribu kuigeuza. Tafuta iliyobuniwa bila mayai tangu mwanzo.

Jibini ya kuigiza mimi huiacha. Korosho kikombe kimoja zilizolowekwa kwenye maji moto nusu saa, zikasagwa na limau, kitunguu saumu, chumvi, chachu lishe na maji kidogo, hutoa sosi nzito inayofaa kwenye tambi na viazi vya kuoka.

Hatua ya 6: Mwili unahitaji nini

Vitamini B12 naitanguliza, na naomba uisome mara mbili. Hakuna mmea unaoitoa kwa kiasi cha kutegemewa. Mwani, spirulina na vyakula vilivyochachushwa vimevumishwa miaka mingi, lakini kilichomo kwa sehemu kubwa ni aina isiyofanya kazi mwilini. Ini huhifadhi akiba inayoweza kudumu miaka, na hapo ndipo hatari ilipojificha. Mtu huacha nyama na maziwa, anajisikia mzima kabisa, anahitimisha kwamba haihitaji, kisha miaka inapita na akiba inakwisha. Dalili huja pole pole: uchovu, ganzi na mchomo vidoleni na miguuni, ulimi kuuma, kusahau. Majani mabichi yana foleti nyingi, vitamini nyingine ya kundi la B, na foleti huweza kuficha upungufu wa damu ambao ungekuwa onyo la mapema, huku neva zikiendelea kuharibika. Neva zilizoharibika hazirudi zote.

Tiba ni nyepesi mno kulinganisha na hatari yake. Shirika la Vegan Society la Uingereza, lililoanzishwa 1944, linawapa wavegani njia tatu, na unachagua moja. Ya kwanza ni vyakula vilivyoongezwa B12 mara mbili au tatu kwa siku, vikifikisha jumla ya mikrogramu 3. Ya pili ni kidonge cha angalau mikrogramu 10 kila siku. Ya tatu ni kidonge cha angalau mikrogramu 2000 kila wiki. Usishtuke kuona namba ya wiki ni kubwa hivyo. Utumbo hufyonza kiasi kidogo tu kwa mara moja, na dozi kubwa hufyonzwa sehemu ndogo sana. Mimi napendekeza kidonge cha wiki siku ileile kila wiki, maana ni rahisi kukumbuka. Mla mboga anayekunywa maziwa na kula mayai anapata kiasi, lakini kama ni kwa nadra, naye anywe kidonge. Mjamzito au anayenyonyesha asisubiri hata wiki moja, kwani mtoto hana akiba ya kutegemea.

Protini, ambayo ndiyo kila mtu huiulizia, ni jambo dogo kuliko inavyodhaniwa. Kiwango kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni gramu 0.8 kwa kilo ya uzito, kwa hiyo mwenye kilo 60 anahitaji kama 48. Sahani ya adesi ya hapo juu ni 15, glasi ya maziwa ya soya 7, vijiko viwili vya siagi ya karanga 7, tofu gramu 150 ni 18 au zaidi, na mkate au wali unajaza kilichobaki. Wajawazito, wazee na wafanyao mazoezi makali waongeze. Kuna imani kwamba lazima kunde na nafaka ziliwe katika mlo mmoja. Mwandishi wa Marekani Frances Moore Lappé, aliyeieneza mwaka 1971, aliirekebisha mwenyewe mwaka 1981, na leo wataalamu wanakubaliana kwamba kula vyote viwili ndani ya siku kunatosha. Ila usiache kunde ukategemea nafaka peke yake. Nafaka ni haba kwa lisini, kijenzi kimoja cha protini, na kunde ndizo zenye nyingi.

Madini ya chuma ya mimea hufyonzwa kwa shida, lakini vitamini C katika mlo uleule huyasaidia sana. Kile kipande cha limau, nyanya mbichi au pilipili hoho kwenye sahani ya kunde kina kazi hiyo pia. Chai na kahawa huzuia, hivyo zinywe saa moja baada ya kula. Kuloweka, kuotesha na kuchachusha hupunguza fitati zinazoshikilia chuma na zinki. Vidonge vya chuma usivinywe kwa kubahatisha, pima damu kwanza, chuma kikizidi hudhuru.

Kuhusu kalisi, spinachi inadanganya. Imejaa kalisi, lakini imefungwa na oksaleti, na mwili hupata takriban asilimia 5 tu. Brokoli, kabichi na majani ya jamii yake, tofu iliyogandishwa kwa kalisi na maziwa ya mimea yaliyoongezwa ni bora zaidi.

Ayodini: tumia chumvi iliyoongezwa madini hayo, kwani chumvi ya bahari na ile ya rangi ya waridi kwa kawaida hazina ya kutosha. Omega 3: kijiko kimoja cha mezani kwa siku cha mbegu za kitani zilizosagwa, zisizosagwa hupita tumboni zilivyo. Vitamini D: jua, na kidonge kwa anayeishi mahali pasipo na jua la kutosha au anayekaa ndani. Wenye ugonjwa wa kudumu na wazazi wa watoto wachanga wazungumze na daktari kabla ya kubadili mlo.

Hatua ya 7: Soma lebo

Vitu vya mnyama hujificha kwenye pakiti. Jelatini hutokana na ngozi na mifupa, nayo imo kwenye peremende laini, baadhi ya mtindi na vidonge vya dawa. Kasini (casein) na wei (whey) ni protini za maziwa. Rangi nyekundu ya E120 hutengenezwa kwa wadudu, na ng'arisho la E904 hutokana na utomvu wa wadudu. Vidonge vya supu vinaweza kuwa na mafuta ya nyama hata kama pakiti imechorwa karoti. Anayekula jibini lakini si nyama ajue kwamba jibini nyingi za kimapokeo hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama. Parmigiano Reggiano kwa kanuni zake hutengenezwa hivyo daima. Neno la kutafuta kwenye lebo ni kimeng'enya cha mimea au cha vijidudu.

Vyakula vya viwandani vilivyoigizwa nyama havina ubaya mara moja moja, na humsaidia aliye katika wiki za mwanzo. Angalia chumvi tu, vingi vina chumvi nyingi.

Hatua ya 8: Kula na wengine

Mgahawani usiulize "hiki ni cha mboga?" Utajibiwa ndiyo kwa nia njema, kisha uletewe mboga zilizopikwa kwa supu ya mifupa. Uliza jambo lenyewe: supu imechemshwa na nini, kuna sosi ya samaki, mmekaanga kwa mafuta gani, kuna siagi au yai. Maswali hayo manne humaliza karibu kila kitu.

Nyumbani ambako wengine wanakula nyama, pika msingi mmoja bila nyama, yaani mchuzi, wanga na mboga, na anayetaka nyama aiongeze kwenye sahani yake. Kupika sufuria mbili kila siku hakuna atakayekuweza, na ugomvi wa jikoni umewarudisha nyuma wengi kuliko hamu ya nyama. Usihubiri mezani. Ukialikwa, mwambie mwenyeji siku kadhaa kabla, umpunguzie wasiwasi kwa kujitolea kuleta sahani moja inayoshibisha, ule mchuzi wa adesi kwa mfano. Beba ya kutosha watu wote, kwa sababu wasiokuwa wala mboga nao wataichota, na isiwe ikifika zamu yako imebaki sufuria tupu.